Jina Ninaloliruka

Jumapili, 10 Machi 1968

Mvua imeingia leo saa tisa mchana bila kubisha hodi, na baba mkwe wangu amekimbia tena.

Nianze vizuri. Naandika kwa Kiswahili nilichookota Kisii mjini nilipokuwa nikiuza vitambaa dukani, kabla Andrew hajaja kununua shati akaondoka na mimi. Katika boma hili Ekegusii, lugha yetu, kinasomwa na kila mwenye macho. Kiswahili anakisoma mume wangu peke yake, naye ni karani wa chai huko Kericho, tunamwona mwisho wa mwezi.

Tunakaa chini ya mlima wa Manga. Nyumba yangu ni ya mabati, na ng'ambo ya ua ni kibanda cha nyasi cha mzee. Katikati pana weusi chini, mahali palipokuwa na jiko la mama mkwe wangu, Bathsheba Mong'ina. Mwezi wa kumi mwaka jana radi ililipiga jiko hilo yeye akiwa ndani. Mzee alikuwa kwenye shamba letu la chai, akaona moshi. Tangu siku hiyo wingu likipanda tu nyuma ya Manga mikono yake inaanza kutetemeka, pumzi inamkatika, na ngurumo ya kwanza ikilia anatoka mbio kuteremka mtoni, mbali na paa lolote. Mabati ndiyo anayoyaogopa kuliko yote. Siku za mawingu hakanyagi hata upande wangu wa ua.

Leo nimemwona akipita kwenye migomba, mzee mwenye mvi zake, kofia mkononi. Amerudi jua limezama, matope hadi magotini.

Na mimi siwezi kumfuata. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe, mke wa mwana haingii kwake wala hamgusi mkono, na hakuna anayemwita mwenzake kwa jina. Yeye ananiita mkamwana, mimi namwita Tata, yaani baba. Jina lake silitaji hata hapa. Nimejaribu kuliandika, mkono umekataa.

Nina mimba ya kwanza. Bibi Nyamoita, mkunga wetu, anasema nitajifungua mvua zikikaribia kwisha.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Amekimbia.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Amekimbia. Niliweka ugali wake kwenye kigoda mlangoni kwake kama kawaida. Umeliwa na kuku.

Sabato, 16 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo nilidhani ni la akili. Baada ya ibada nilimwomba Mwalimu Onsongo, kiongozi wa kwaya yetu, waje wamwimbie mzee. Nimesikia maisha yangu yote kwamba wimbo unatuliza roho, na mimi mwenyewe naimba sauti ya pili, sijawahi kutoka mazoezini na hasira niliyoingia nayo.

Wakaja wote. Onsongo akawapanga duara, mzee katikati kwenye kiti, akakohoa, akainua fimbo yake. Onsongo akiinua fimbo haimbishi, anapigana vita. Sauti nne kwa nguvu zote, na sauti ya kwanza iko juu kama inataka kutoboa anga. Mzee alishika magoti. Nilimwona macho yake yanazunguka, anatafuta pa kupita. Wingu likaja, ngurumo moja ikaanguka katikati ya ubeti wa tatu, na baba mkwe wangu akapenya kati ya wanawake wawili wanene akaenda zake mtoni na Sabato yake.

Onsongo alisema, "Dada Persis, huyu ana pepo."

Nikamwambia, "Mwalimu, hata mimi ningekuwa na miguu myepesi ningekimbia."

Hakupenda. Lakini usiku huu nafikiria. Aliyekuwa akiogopa kelele tumemletea kelele, tena tukamzungushia watu asiweze kutoka.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki. Mgongo.

Jumapili, 31 Machi

Andrew alikuja juzi. Jana mvua ilipoanza alimfuata baba yake mtoni, akamkuta ndani ya maji hadi kiunoni, ameshika mzizi, mto umejaa na magogo yanapita. Alimtoa kwa nguvu. Wamerudi wote wawili wakitetemeka, mmoja kwa hofu na mwingine kwa hasira, ingawa sina hakika nani alikuwa na nini.

Leo asubuhi Andrew aliongea nami jikoni. "Mwisho wa Mei nitapata likizo na gari la rafiki. Nampeleka Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili."

"Baba yako si mwendawazimu."

"Mtu anayesimama mtoni akingoja gogo ni nani? Persis, mimi sitamzika mzazi wa pili ndani ya mwaka mmoja."

Alikwenda kumwambia mwenyewe. Mzee, kwa sauti niliyoisikia mpaka kwangu, alimjibu hivi tu kwa jina lake la nyumbani: "Nikitoka hapa, Makori, sitarudi. Mama yako yuko hapa."

Andrew amemwachia redio. Anasema muziki wa redio utampoza.

Jumatano, 3 Aprili

Redio imekufa. Kumbe radi inamwaga mkwaruzo ndani ya redio kabla hata hujasikia ngurumo. Kila mara nyimbo zilikatika kwa "kraaa!" na mzee akajua inakuja, akaingoja, ikaja. Leo aliibeba kwa mikono miwili, taratibu, kama anabeba yai, akaitumbukiza chooni.

Kama si huruma ningecheka mpaka nijifungue.

Jumatatu, 8 Aprili

Mashine ya posho ya sokoni, ya kusaga unga, imeharibika, na barabara ya Ekerenyo penye nyingine haipitiki. Bibi Nyamoita amesema mwenye mimba anywe uji wa wimbi, yaani ulezi, tena uliosagwa kwa jiwe. Huyu ni mjane wa ndugu wa mzee, jirani yetu upande wa juu, mkunga wa kijiji kizima, na kanisani anakwenda siku ya harusi tu.

Mimi jiwe la kusagia nililiona mara ya mwisho kwa bibi yangu kule Nyamarambe. Lakini katika weusi wa jiko la mama mkwe lake lilikuwapo, zima, limezama kwenye majivu. Watu wanasema kilichoguswa na radi kisiguswe. Nikasema jiwe ni jiwe. Nimelivingirisha hadi chini ya upenu wangu, nikaliosha, nikapiga magoti, nikaanza. Mikono inauma hata kushika kalamu hii.

Jumanne, 9 Aprili

Nimesaga. Mvua saa kumi. Nilikuwa na kazi yangu, sikuangalia kama mzee amekimbia.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakukimbia. Nimesaga mchana wote nikivuma tu, mmm, mmm, kwa kufuata jiwe. Ngurumo zimepita juu yetu kama magari ya mawe. Nilipoinua uso mzee alikuwa mlangoni kwake, ameketi, mgongo kwenye nguzo, anatazama chini. Mikono inatetemeka. Lakini yupo.

Jumatano, 17 Aprili

Sikutaka kujidanganya, kwa hiyo nimefanya kama tulivyokuwa tukifanya dukani tukiwa na mashaka na rangi ya kitambaa. Tunaosha kipande, tunaacha kipande. Jumatatu sikusaga. Alikimbia. Jana nilisaga bila kuvuma. Alikimbia, ila alichelewa na hakufika mbali, alisimama kwenye migomba. Leo nimesaga na kuvuma, taratibu, sauti ya chini kabisa niliyonayo. Alikaa.

Nadhani nimeelewa kitu. Ngurumo haina zamu. Inakuja ikitaka, na kinachomla mzee ni kule kungoja. Jiwe lina zamu. Linakwenda mbele, linarudi, na pumzi ya mtu anayelisikiliza inaanza kwenda nalo bila kuombwa. Hata yangu. Siku hizi nikilala nawaza habari za kuzaa, nawaza dada yangu mkubwa aliyefia uzazini, na moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Nikisaga hauwi hivyo.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilimwuliza bibi Nyamoita mama mkwe alikuwa akiimba nini akisaga. Aliacha ugoro wake.

"Kila mchana, mwanangu. Saa hizi hizi. Tulikuwa tukimcheka, maana wimbo aliutunga mwenyewe wa kumgombeza mume wake. Na yule mume alikuwa akimjibu kutoka zizini!"

Akanifundisha. Kwa Kiswahili ungekuwa kama hivi:

Saga, jiwe, saga, jua limeinama,
ng'ombe wa mtu mmoja wako kwenye mtama.
Saga, jiwe, saga, moto unangoja kuni,
fulani, uko wapi? Fulani, uko wapi?

Pale penye "fulani" mama mkwe alikuwa akitia jina la mumewe. Na mumewe alikuwa akijibu, "Niko!" Hata kama alikuwa hajaenda kuleta kuni, anasema niko.

"Sasa mimi nitaimbaje?" nilimwuliza. "Siwezi kulitaja."

"Liruke. Uache nafasi yake, jiwe lipite peke yake. Yeye anajua ni la nani."

Jumatano, 24 Aprili

Nimeimba. Mvua ilikuwa nzito na Manga yote imezibwa. Nilipofika mahali pa jina nikanyamaza, jiwe likapita. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Sikumbuki ilikuwa ya ngapi nilipomsikia ng'ambo ya ua, sauti imekauka kama ya mtu aliyeamka sasa hivi:

"Niko."

Nililia juu ya unga. Sijui kama nilimlilia yeye, au mama mkwe ambaye nilipokuwa naye nilimwona mkali na mchoyo wa chumvi. Sikujua kwamba alikuwa mtu wa kutunga nyimbo. Miezi kumi na minne tulipika jiko moja, na nilijua ana chuki na vyungu vichafu, basi.

Jumapili, 28 Aprili

Andrew alikuja. Hakukuwa na mvua siku zote tatu, anga safi kama sahani, aibu kwangu, sina cha kumwonyesha. Nilimweleza. Alinisikiliza akiwa ananyoa ndevu.

"Unamtibu baba kwa jiwe la unga."

"Simtibu. Anakaa. Ulimtoa kwenye mto, mimi simtoi popote, anakaa tu mlangoni kwake."

"Na siku usiposaga? Siku ukiwa kitandani na mtoto?"

Swali hilo ni la haki ndiyo maana limenikasirisha. Gari ni tarehe thelathini na moja Mei. Amesema mara mbili, kama ninayeweza kusahau.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua. Niko.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Niko.

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya. Nimeharibu.

Mchana nilikwenda kuchuma chai yetu upande wa chini, mawingu yakanikuta huko. Nikapanda kilima mbio na tumbo langu. Nafika uani ngurumo imeshalia, mzee ameshatoka, yuko kwenye njia ya mtoni, na mto ninausikia kutoka hapa jinsi unavyounguruma. Nilipiga magoti kwenye jiwe bila hata punje juu yake, nikaanza kusugua jiwe kwa jiwe, nikaimba kwa nguvu. Hakusimama. Alikuwa anafika kwenye ukingo. Nikafika mahali pa jina, na sikuliruka.

Nililiita. Mara mbili, kwa sauti yote, mbele ya mvua na ya majirani.

Alisimama kama aliyepigwa jiwe. Aligeuka, akapanda polepole, akapita uani bila kuinua uso, akaingia kibandani na kufunga mlango. Nilibaki pale magotini. Mwanamke wa nyumba ya pili alikuwa chini ya mgomba wake, mkono mdomoni. Kesho itafika sokoni kwamba mke wa Makori amemwita baba mkwe wake kwa jina kama anayeita mbuzi.

Jumanne, 7 Mei

Hajala. Mlango umefungwa. Mvua ilikuja, hakukimbia wala hakutoka. Sikuthubutu kusaga.

Jumatano, 8 Mei

Hajala.

Alhamisi, 9 Mei

Bibi Nyamoita amekuja akaniangalia nilivyovimba macho. "Yaaye! Mnataka kufa wote wawili kwa sababu ya neno moja?" Akaniamuru nipike uji wa wimbi, nitie kwenye kibuyu. Akampelekea. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi kibuyu kilikuwa na uji kidogo chini. "Amekunywa. Hiki chako, maliza. Kwetu mambo kama haya yalikuwa yakiisha hivyo, kwa kunywa kibuyu kimoja."

Nikanywa. Kisha akanipa maneno yake: "Anasema hajakukasirikia. Anasema aibu ni yake. Amekimbia mpaka mtoto wa watu akalazimika kuvunja heshima ili amrudishe."

Mimi niliyedhani amejifungia kwa hasira. Nilimjua mzee huyu kwa miguu yake tu, inayokimbia. Sikujua kwamba anaona anavyokimbia.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua. Nimesaga, nimeruka jina. "Niko."

Jumatatu, 20 Mei

Tumbo limeshuka. Siwezi kusaga zaidi ya viganja vichache. Mzee anajua, maana jana mvua ilipokaribia nilichelewa kutoka, na nilipofika upenuni nikasikia anauanza wimbo mwenyewe kule kwake, kwa sauti ya kunong'ona, anakosea maneno. Sikumsahihisha.

Jumatano, 29 Mei

Keshokutwa gari. Leo mzee amefunga nguo zake kwenye kitambaa kimoja. Ameweka mlangoni. Alipita karibu na weusi wa jiko akasimama hapo, akarudi.

Jumatatu, 3 Juni

Sasa naweza kukaa. Naandika yote.

Ijumaa asubuhi niliamka na maumivu ya mgongo. Bibi Nyamoita alinipapasa, akasema, "Mtoto wa kwanza hana haraka, atakuja jioni. Acha nipeleke majani ya chai kituoni yanakonunuliwa, narudi kabla jua halijageuka." Akaondoka na vikapu vyetu na vyake. Hilo ndilo kosa lake moja katika miaka yote ya ukunga, na ameshalilia vya kutosha, simwongezei.

Mvua siku hiyo haikungoja alasiri. Saa sita anga iligeuka rangi ya chuma, saa saba ikaanza mvua ya mawe. Walionizunguka nikiwa mtoto walikuwa wakisema mvua ya mawe ya Manga inaweza kuvua mgomba majani yote, na ni kweli, nimeona mabaki. Daraja la miti la njia ya kituoni lilifunikwa na maji, na Nyamoita akabaki ng'ambo. Nilikuwa peke yangu.

Nilikwenda kwenye jiwe. Ndiyo, katika hali ile nilifikiri nisage, kwa ajili ya mzee. Nilipiga magoti, uchungu ukanikamata, na sikuinuka tena. Nilitambaa ndani, nikajilaza kando ya ukuta. Mawe yakipiga mabati husikii hata mawazo yako. Nilipiga kelele na sikuisikia. Niliogopa. Nilimwona dada yangu alivyokuwa amelala na kanga usoni. Nilijua kabisa kwamba nitakufa humu ndani na mtu wa kwanza kujua atakuwa kuku.

Nikawaza pia, mzee yuko mtoni sasa hivi. Basi tumekwisha wote.

Halafu nikamsikia. Kwanza nilidhani ni kichwa changu. Sauti ilikuwa ukutani, upande wa nje, karibu kabisa na kichwa changu. Nilimwona kwa ufa wa dirisha, mabega tu, amenigeuzia mgongo, ameegemea ukuta wangu chini ya upenu wa mabati, na mawe yanaruka miguuni pake. Alikuwa anaimba wimbo wa jiko. Mwanamume, mzee wa ukoo, anaimba wimbo wa kusagia, na sauti yake inayumba kama mtu anayetembea na mzigo. Saga, jiwe, saga. Aliimba kwa nguvu sana. Sasa najua kwa nini. Baba mkwe hapaswi kusikia mke wa mwana akijifungua, kwa hiyo aliimba mpaka asinisikie.

Alipofika mahali pa jina, pale ninaporuka, hakuruka.

"Persis, uko wapi?"

Nadhani sikuamini. Uchungu ukaja, nikaupoteza ulimwengu, ukapita.

"Persis, uko wapi?"

"Niko!"

"Saga, jiwe, saga."

Nikaanza kupumua kwa zamu yake. Uchungu ukija nilijua utapita mstari wa tatu, na wa nne ningeulizwa niko wapi, na lazima nijibu. Ndivyo nilivyoshikilia. Mstari kwa mstari.

Kisha radi ikapiga Manga, karibu mno, nyumba nzima ikawa nyeupe na mabati yakalia. Sauti ya nje ikakatika. Kwa ufa nikaona mabega yake yanapanda na kushuka upesi upesi, kama kabla ya kukimbia. Nikajua anaondoka, na nisingemlaumu. Sikuwa na jiwe. Nilipiga ukuta kwa ngumi, taratibu, na nikauanza wimbo mimi, kwa sauti gani sijui. Jua limeinama. Nikafika mahali pa jina. Nikaliruka, kama kawaida, nikaacha nafasi.

Mawe juu ya mabati.

"Niko," alisema. Na akaendelea.

Nyamoita alitokea amelowa, sketi imefungwa kiunoni, alivuka mto sijui kwa kushika nini. Alimpita mzee, akaingia. Mtoto alikuwa tayari mlangoni mwa dunia. Ni msichana.

Yaliyotokea nje nimeambiwa na Andrew. Gari lilizama kwenye matope chini ya kilima, akapanda kwa miguu. Anachokiona cha kwanza ni baba yake amesimama chini ya mabati ya nyumba ya mwanawe, katikati ya mvua ya mawe, kofia imejaa barafu, anaimba nyimbo za wanawake. Andrew alijua sasa baba yake amekwisha kabisa. Akamshika mkono amwongoze kwenye gari.

Mzee hakumtazama. Alisema, "Subiri, Makori. Bado hajajibu."

Na Andrew hakuelewa, mpaka mtoto alipolia.

Anasema aliuachia ule mkono. Alikaa chini kwenye matope, na suti yake ya karani. Gari lilivutwa na vijana Jumamosi likarudi Kericho tupu. Hakuna aliyelitaja tena. Jana jioni nilimwona Andrew akifungua kile kitambaa cha nguo za mzee na kuzitundika moja moja, kama anayefanya kazi ya ofisini.

Jumanne, 4 Juni

Mtoto ananyonya. Ameitwa Mong'ina, bila mjadala.

Sabato, 8 Juni

Andrew amerudi kazini. Leo ni mara ya kwanza nimetoka nje na mtoto. Mzee alikuwa mlangoni kwake, anasuka kamba ya ndama. Mvua zimepungua lakini hazijaisha. Wingu lilikuwa limepanda nyuma ya Manga, na nikaona ameliona. Mikono ilitetemeka. Akaiweka juu ya magoti, akangoja, akaichukua tena kamba.

Nilisimama upande wangu wa ua, macho chini kama inavyotakiwa.

"Tata, asante kwa siku ile."

"Siku gani?"

"Ya mvua ya mawe."

Alivuta uzi mmoja, akaupitisha, akakaza.

"Siku ile nilikuwa kwangu, mkamwana. Mvua ilikuwa kubwa. Sikusikia kitu."

Mtoto alijinyoosha kwenye nguo. Nilimfunika.

"Ndiyo, Tata," nikasema. "Hata mimi sikusikia mtu akiniita."